Kujifunza na dunia bila kupanda ndege: njia ipi inalifaa darasa lako?

Darasa langu la afya ya jamii, mwaka wa pili, lina wanafunzi 64. Katika miaka yote niliyofundisha, waliobahatika kwenda kusoma nje kwa muhula mmoja ni 2, na wote wawili walikuwa na ndugu wa kuwasaidia nauli, viza na fedha za kuonyesha ubalozini. Dunia nzima hali ndiyo hiyo. Kwa takwimu za UNESCO, wanaosomea elimu ya juu nje ya nchi zao hawafiki 3 katika kila 100. Chuo kinachopima ukimataifa wake kwa kuhesabu waliosafiri kinakuwa kimewasahau karibu wanafunzi wake wote.

Ninamwandikia mwalimu, mkuu wa idara au mkuu wa shule ambaye ameshakubali kwamba waliobaki nao wanastahili kukutana na dunia, ila hajajua aanzie wapi. Njia zipo kadhaa na zote zinatangazwa kwa maneno yaleyale: fursa, ujuzi wa karne hii, mtazamo mpana. Zikiingia darasani hazifanani. Nyingine nimezijaribu mwenyewe, nyingine nimezitazama kwa wenzangu kwa karibu, na sitaki mtu apoteze mwaka kama nilivyoupoteza mimi.

Wazo la kumkutanisha mwanafunzi na dunia bila kumsafirisha lilizaliwa kwa uhitaji. Mwaka 1998 mji wa Malmö, kusini mwa Uswidi, ulifungua chuo kipya. Kwa uchanga wake hakikuwa na vyuo rafiki vya ng'ambo vya kupelekea wanafunzi. Bengt Nilsson, aliyeshughulikia mambo ya kimataifa pale, akaona kwamba mji wenyewe umejaa watu waliohamia kutoka pande nyingi za dunia, na kwamba mwanafunzi angeweza kujifunza kwao bila pasipoti. Mjini humo tayari ulikuwepo mradi wa Näktergalen, ulioanza 1997 kwa kufuata mfano wa Perach wa Israeli: mwanafunzi wa chuo anafanya urafiki na mtoto wa shule, mara nyingi wa familia ya wahamiaji, na wanakutana kila wiki kwa mwaka mzima wa masomo. Mtoto anapata dada au kaka wa kumfungulia njia, na mwanafunzi anaijua nyumba ambayo asingeingia kamwe. Baadaye, mwaka 2015, Jos Beelen na Elspeth Jones waliliandikia wazo hili maelezo ambayo ndiyo yanayotumika zaidi leo. Ninachokishika humo ni mambo mawili: lipangwe kwa makusudi ndani ya masomo, na limfikie kila mwanafunzi.

Kwa hiyo njia yoyote ikiletwa mbele yangu ninaiuliza: inawafikia wangapi? Nani analipa bando, na nani anakesha kuiandaa? Ina alama, au ni ya kujitolea? Na swali ambalo zamani sikuliuliza, siku hizi ndilo la kwanza: wanafunzi wetu wanatoa nini?

Kozi huria za mtandaoni, au vipindi vya pamoja?

Walimu wengi huanza na kozi huria kwa sababu zinaonekana za bure. Coursera na edX zilifunguliwa mwaka 2012, na tangu hapo mtu aliye Songea mwenye simu na bando anaweza kumsikiliza profesa wa Harvard akiwa kitandani. Ninazithamini. Takwimu ninazofundisha leo, nyingi nilizinoa huko. Ila kwa darasa zima zina matatizo mawili makubwa.

La kwanza ni kumaliza. Watafiti walipozipitia kozi za Harvard na MIT zilizokuwa edX tangu 2012 hadi 2018, walikuta kwamba katika mwaka wa mwisho wa uchunguzi waliomaliza walikuwa kama 3 katika kila 100 waliojiandikisha. Zaidi ya nusu hawakuwahi hata kufungua somo la kwanza. Ukiziweka kama nyongeza ya hiari, watamaliza walewale ambao wangefanikiwa bila wewe.

La pili ni zito zaidi kwangu. Kwenye kozi hizo mwanafunzi anapokea tu. Binti aliyekulia Kasulu, anayejua mama mjamzito anavyoamua lini aende zahanati na nani nyumbani anayemruhusu, hana wa kumweleza hayo. Anasikiliza mifano ya Boston, anajibu maswali ya kuchagua, anapata cheti. Elimu ya nchi nyingine imemfikia, naam, ila yeye hajamfikia mtu.

Vipindi vya pamoja vimejengwa juu ya hilo linalokosekana. Walimu wawili wa nchi mbili wanachukua somo ambalo kila mmoja analifundisha tayari, wanaandaa sehemu ya wiki 4 hadi 8, na wanafunzi wao wanaifanya pamoja kwa mtandao. Hakuna kozi mpya ya kupitishwa na seneti wala ada ya ziada, na kila mwanafunzi anabaki na alama za chuo chake. Mtindo huu unajulikana kwa kifupi chake, COIL (Collaborative Online International Learning), na ulikuzwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York. Jon Rubin, profesa wa filamu, alikuwa na darasa la video lililowaunganisha wanafunzi wake na wenzao wa nchi nyingine, na kituo rasmi kikaanzishwa mwaka 2006. Mpangilio wake wa kawaida ni kufahamiana kwanza, kisha kulinganisha jambo moja kwa pande zote mbili, kisha kazi moja inayotengenezwa kwa pamoja, halafu kila mmoja anaandika alichokiona na kilichombadilisha.

Ukinilazimisha nichague kati ya hizi mbili kwa darasa la chuo, nachagua vipindi vya pamoja bila kusita, na kozi huria naiacha iwe kitabu cha ziada. Lakini usiingie ukidhani ni rahisi. Gharama yake ni muda wa mwalimu, na muda huo hauonekani kwenye bajeti yoyote. Mimi na mwenzangu wa Uholanzi tuliandikiana miezi mitatu kabla wanafunzi hawajaonana. Idara isiyopunguza mzigo wa vipindi kwa mwalimu anayefanya kazi hii inaomba zawadi, na zawadi huisha.

Ana kwa ana kwenye skrini, au kwa maandishi?

Hapa ndipo nilipopoteza mwaka, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Mara ya kwanza tulipanga kila kitu kiwe mubashara. Sisi tulikuwa 64, wao 22. Tukagawa vikundi 22, kila kimoja Mholanzi mmoja na wetu watatu hivi. Mada ilikuwa chanjo ya surua na sababu za familia kuikataa. Kipindi kilikuwa saa 9 alasiri ya kwetu, saa 7 mchana ya kwao. Wiki mbili za kwanza zikaenda. Jumapili ya mwisho ya Machi Ulaya ikasogeza saa zake mbele, jambo ambalo sisi hatulifanyi na ambalo mimi sikulikumbuka. Wiki hiyo wenzetu waliingia saa 8 ya kwetu, wakasubiri. Sisi tulipoingia saa 9 kama kawaida tuliwakuta wanaaga. Wanafunzi wangu walikuwa wameshanunua bando kwa ajili ya siku hiyo, na kwa wanaoishi kwa boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, bando la video ya saa moja si kitu kidogo.

Saa ilirekebishika. Kilichonisumbua ni kimya. Wanafunzi wangu, ambao darasani kwetu wanabishana mpaka nawatuliza, kwenye skrini walizima kamera na vipaza sauti. Mtandao unakatakata, Kiingereza kinahitajika papo kwa papo, na aliye upande wa pili anaongea kwa kasi. Mpaka mwanafunzi apange sentensi yake, mazungumzo yameshahamia kwingine. Nilipofungua hati za vikundi nilikuta karibu maandishi yote ni ya yule Mholanzi mmoja. Naye alikuwa amechoka, akidhani wenzake hawajali. Wangu walikuwa wanadhani yeye hataki mawazo yao. Pande zote mbili zilitoka na picha mbaya zaidi ya ile waliyoingia nayo. Hilo linawezekana, na mipango mingi hailisemi.

Mwaka uliofuata tuligeukia maandishi. Tulichukua mfano wa mradi uitwao Cultura, ulioanzishwa mwaka 1997 huko MIT na Gilberte Furstenberg na wenzake kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani wanaojifunza Kifaransa na wale wa Ufaransa wanaojifunza Kiingereza. Kabla ya kuzungumza lolote, pande zote zinajibu dodoso moja. Wanapewa neno na kuandika yanayowajia akilini. Wanapewa sentensi ya kumalizia. Wanapewa kisa, kwa mfano mama anamchapa mtoto wake dukani mbele ya watu, waseme wangefanya nini. Kila mmoja anaandika kwa lugha yake mwenyewe. Kisha majibu yanawekwa bega kwa bega na watu wanaanza kuulizana.

Kuandika kwa lugha yako mwenyewe ndiko kulikobadilisha kila kitu. Wanafunzi wangu waliandika kwa Kiswahili, wakiwa na siku tatu za kufikiri, wakitumia bando dogo la maandishi. Halafu vikundi vikakaa kutafsiri kwa Kiingereza, na kule wakatafsiri kutoka Kiholanzi. Moja ya maneno tuliyoweka ni "mgeni". Wetu wakaandika baraka, chakula, kuchinja kuku, kitanda cha baba, habari za mbali. Waholanzi wakakwama: walitaka kujua ni mgeni yupi. Wao wana *gast*, anayekaribishwa nyumbani, na *vreemdeling*, asiyejulikana, anayetoka nchi nyingine, na maneno hayo hayakai chumba kimoja. Kwenye la kwanza waliandika kahawa na miadi. Kwenye la pili waliandika mipaka, uchaguzi, hofu, na wengine upweke. Mwanafunzi wangu mmoja akauliza: kwa hiyo mtu anakuwa *gast* baada ya muda gani? Lile swali liliendesha mjadala wa wiki mbili, na safari hii waliokuwa wanaongoza ni wetu, kwa sababu walikuwa na kitu ambacho wenzao hawakuwa nacho.

Tuliporudi kwenye chanjo, mambo yalikuwa mengine. Wanafunzi wangu waligundua kwamba Uholanzi, nchi tajiri yenye zahanati kila kona, ilipata mlipuko wa surua mwaka 2013 na 2014 uliofikia wagonjwa wapatao 2,700 walioripotiwa, wengi wakiwa wa familia za Waprotestanti wa msimamo wa kale wanaokataa chanjo kwa sababu za imani. Walikuwa wamezoea kusoma kwamba kukataa chanjo ni tatizo la watu wasiosoma, yaani la kwao. Nao Waholanzi hawakujua jinsi mama wa kijijini kwetu anavyotembea na mtoto mgongoni umbali mrefu kwenda kliniki, kwa hiari yake, siku ya chanjo. Sikuwa na mhadhara ambao ungeweza kufanya kazi hiyo.

Basi ukilinganisha: video ya mubashara inajenga urafiki haraka, watu wanachekeana, wanaonyeshana vyumba vyao, na bila hiyo maandishi hukauka. Ila inampendelea mwenye mtandao mzuri na Kiingereza chepesi. Maandishi yanakwenda polepole, yanafika hata kwa aliye Namtumbo wakati wa likizo, na yanampa mkimya nafasi ya kuwa na la kusema. Nimeishia hapa: dodoso na mijadala ya maandishi ndio mwili wa kazi, video mara mbili tu, mwanzoni kwa kufahamiana na mwishoni kwa kuaga. Wanafunzi wanaifanya ile ya mwisho chuoni, kwenye mtandao wa chuo, watatu watatu kwenye kompyuta moja. Kama chuo chako kimeunganishwa na mtandao wa vyuo, TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya au RENU kwa Uganda, zungumza na watu wa TEHAMA mapema. Kuna mengi wanayoweza kukusaidia ambayo walimu hatuulizi.

Kwa shule za sekondari sioni hata haja ya kulinganisha. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kompyuta ni chache, na ratiba imebanwa na mtihani wa taifa. Maandishi yanayopitia kwa mwalimu mmoja yanawezekana; video ya kila wiki haiwezekani. Mtandao wa iEARN, ulioanza mwaka 1988 kwa kuunganisha shule za jimbo la New York na za Moscow wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa hazielewani, leo unafika nchi zaidi ya 100 na una miradi iliyoandaliwa tayari ambayo mwalimu anaweza kujiunga nayo bila kuanza sifuri. Tahadhari moja tu: picha na majina kamili ya watoto yasiwekwe hadharani, na wazazi waambiwe.

Mshirika wa mbali, au jirani?

Tukisema "kimataifa" akili zetu zinaruka hadi Ulaya au Marekani. Nakiri nami nilianzia huko. Sasa naamini kwamba kwa masomo mengi jirani anafundisha zaidi, na hapa najua wapo wenzangu wasiokubaliana nami.

Chukua somo langu. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Kagera. Miezi michache kabla yake Uganda ilikuwa imetoka kupambana na Ebola. Na kule Kongo, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, huku vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikishambuliwa mwaka 2019 kwa sababu watu hawakuwaamini waliokuja kuwatibu. Mwanafunzi wa uuguzi wa Bukoba na mwenzake wa Goma wana la kuambiana ambalo hakuna kitabu kinachowapa: nani alisikilizwa na wanakijiji, maziko yalifanywaje, uvumi ulianzia wapi. Goma na Dar es Salaam zinatofautiana saa moja tu, tena mwaka mzima. Na wanazungumza Kiswahili wote. Cha Goma kimebeba Kifaransa ndani yake kama chetu kilivyobeba Kiingereza, na hicho nacho ni kitu cha kujifunza. Hatafutwi mkalimani, na yule aliyenyamaza mbele ya Mholanzi hana sababu ya kunyamaza hapa.

Kwa sheria ni hivyohivyo: Kongo imerithi mfumo wa Kibelgiji, sisi tumerithi wa Kiingereza, na mfanyabiashara anayevusha mzigo Kasumbalesa au Kigoma anakutana na yote mawili. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wanafunzi wa sheria na biashara wa pande zote wanasomea soko moja bila kufahamiana. Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lipo tangu 1980, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wanachama walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Milango imefunguliwa kwa makaratasi, wapitaji ndio wachache.

Isitoshe, historia yetu yenyewe inatusuta. Kati ya 1963 na 1970 Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Miaka ile pale Mlimani, Dar es Salaam, alifundisha Walter Rodney wa Guyana, na katika wanafunzi walikuwemo Yoweri Museveni wa Uganda na baadaye John Garang wa Sudan. Kijana aliyetoka Masasi alikaa bwenini na dunia, akabishana nayo usiku kucha, bila kuvuka mpaka.

Mshirika wa mbali ana faida zake na sitazificha. Anakulazimisha ueleze vitu ambavyo jirani anavijua bila kuambiwa, na kueleza ndiko kunakokuonyesha kwamba hukuwa unavielewa. Lile swali la *gast* lisingezaliwa kati ya Bukoba na Goma. Pia vyuo vya Ulaya mara nyingi vina ofisi na fedha za kuratibu, wakati mwenzako wa Goma huenda analipia bando mwenyewe, na umeme ukikatika kipindi kimekufa.

Lakini hata ukichagua wa mbali, kuna mali tunayoisahau. Kiswahili kinafundishwa Leipzig, Bayreuth, SOAS mjini London, Wisconsin, Yale, hadi Hankuk mjini Seoul. Wanafunzi wa huko wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Tangu 2006 nchini Brazili, Chuo Kikuu cha UNESP kinaendesha Teletandem: wawili wanakutana kwa video, nusu ya muda wanazungumza lugha ya huyu, nusu ya pili ya yule, kila mmoja akiwa mwalimu na mwanafunzi. Mwanafunzi wako wa ualimu wa lugha ana anachokihitaji mwenzake wa Leipzig, na wanakutana wakiwa sawa. Zanzibar wanalijua hili kwa miaka mingi. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, hufundisha Kiswahili wageni wanaokuja, na chuo kilicho karibu na wageni wa namna hiyo hakihitaji hata intaneti ili kuanza.

Tawi la chuo cha nje, mtaala wa kigeni, mhadhiri mgeni

Hizi nazipitia upesi kwa sababu walimu wengi hawana uamuzi juu yake.

IIT Madras, taasisi ya teknolojia ya India, ilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, ya kwanza ya taasisi za IIT nje ya India, ikianza na masomo ya sayansi ya data na akili bandia chini ya Preeti Aghalayam. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina kampasi Kigali. Kwa shule kuna mitaala ya Cambridge na ile ya IB (International Baccalaureate) iliyoasisiwa Geneva mwaka 1968. Aga Khan Academy ya Mombasa inaifundisha hiyo ya pili. Mzazi au kijana anayeweza kulipa, au aliyepata ufadhili, anapata shahada inayotambulika mbali na bado anakula chakula cha nyumbani. Kwa huyo ni chaguo jema sana, na kwa uhandisi wenye maabara hakuna video itakayoshindana nalo. Ila ni mlango wa wachache kwa asili yake. Ukiwa mkuu wa chuo cha kawaida, hilo si jibu la darasa lako la watu 64. Na mtaala wa kigeni hauhakikishi kukutana na wengine: darasa la watoto wa mtaa mmoja linaweza kusoma kitabu cha Uingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi mwisho na lisizungumze na mtu wa nje hata siku moja.

Mhadhiri mgeni ndiye anayependwa na uongozi, maana kuna picha, kuna bango, kuna hotuba ya ukaribisho. Akija kwa saa mbili na kuondoka, ukumbi umejaa na wiki inayofuata hakuna anayekumbuka. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lake liwe hivi: wanafunzi wamtumie kazi zao wiki mbili kabla, azisome, na muda wake wote utumike kuzijadili. Anayekubali sharti hilo, mwalike hata kwa simu.

Ukiwa na hali hii, chukua hii

Una darasa kubwa, mtandao dhaifu, na hujawahi kufanya jambo hili: anza na dodoso la maandishi, wiki nne, mshirika mmoja, na ulitengee alama 10 za tathmini endelevu. Bila alama watafanya wachache, na watakuwa walewale wenye bando.

Una darasa dogo la mwaka wa mwisho lenye Kiingereza au Kifaransa cha kutosha: vipindi vya pamoja kamili, na kazi inayozaa kitu cha kuonyesha, ripoti, video au mwongozo wa wagonjwa. Mshirika awe na idadi ya wanafunzi inayokaribiana na yako. Ikiwa yeye ana 22 na wewe 64, kubalianeni kwamba vikundi vyako vitakuwa na msemaji anayebadilika kila wiki. Ndivyo tulivyofanya mwaka wa pili, na yule Mholanzi wa kila kikundi akapata kupumua.

Unafundisha afya, sheria, kilimo au biashara: mtafute jirani kwanza. Unafundisha lugha au ualimu: waunganishe wanafunzi wako na wageni wanaojifunza Kiswahili, wa mbali au walio mjini kwako.

Huna mshirika kabisa, wala dalili ya kumpata: fanya kama Malmö. Katika vyuo vyetu wamo Warundi, Wakongo, Wakomoro, Wasomali, na mara nyingi wanakaa mstari wao wa nyuma peke yao. Badilisha kazi moja ya kikundi, ile unayoitoa kila mwaka, iwe haiwezi kukamilika bila mtu aliyesoma katika mfumo mwingine. Hilo linaweza kuanza Jumatatu, na halihitaji kibali cha mtu.

Na ukimwandikia mshirika kwa mara ya kwanza, usimtumie maelezo marefu ya chuo chako. Mwambie una wanafunzi wangapi na wana simu za aina gani. Mpe tarehe za muhula wako na za mitihani, maana wake huenda unaisha wako unapoanza. Muulize wanafunzi wake wataandika kwa lugha ipi, umwambie wako wataandika kwa Kiswahili kwanza. Saa za vipindi ziandike kwa mtindo wa saa 24 pamoja na jina la mji, 15:00 Dar es Salaam, kwa sababu "saa tisa" yako kwake ni asubuhi, na Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba uzitie wino mwekundu kwenye kalenda yako.